Dawa zinazogonga kengele ya hatari

Umewahi kukimbizwa na mbwa? Kama bado, basi kumbuka siku ile mwalimu alipokuita ghafla usimame mbele ya darasa, na wewe hujasoma hata ukurasa mmoja. Moyo ulifanyaje? Du! du! du! Viganja vikalowa jasho, mdomo ukakauka, na njaa yote uliyokuwa nayo ikayeyuka. Hukuuamuru mwili ufanye hivyo. Ulijiendesha wenyewe.

Sasa, kuna dawa kibao ambazo kazi yake ni kuuambia mwili kwamba kuna mbwa, wakati mbwa hayupo. Nyingine ziko kwenye begi la mwenzako darasani. Nyingine zinauzwa duka la dawa pale stendi. Nyingine zinatafunwa kijiweni. Pampu ya pumu imo humo. Vidonge vya mafua vimo. Mirungi imo. Na sindano inayomwokoa mtu aliyeumwa na nyuki akaanza kuvimba koo, nayo imo.

Unashangaa? Kinachookoa maisha na kinachoharibu maisha, vyote ni vya ukoo mmoja. Ukiuelewa ukoo huu utajua ipi uitumie bila kuona haya, ipi uiache kabisa, na kwa nini hakuna hata moja inayokupa nguvu ambayo mwili wako haukuwa nayo tangu mwanzo.

KENGELE YENYEWE

Mwili wako una neva ambazo huziamrishi. Ndizo zinazoendesha moyo, utumbo, mirija ya hewa na tezi za jasho hata ukiwa umelala fofofo. Neva hizo ziko katika makundi mawili. Kundi la kwanza linaitwa parasimpathetiki. Hilo ni la utulivu: linapunguza mwendo wa moyo na kushughulikia kusaga chakula. Kundi la pili ni simpathetiki. Hilo ndilo la hatari, la kupambana au kutimua mbio.

Kengele ya hatari ikilia, ncha za neva za simpathetiki zinatoa kemikali iitwayo noradrenalini. Wakati huo huo, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia zinamwaga adrenalini kwenye damu. Hapo ndipo mambo yanapoanza:

- Moyo unapiga haraka zaidi na kwa nguvu zaidi.
- Mirija ya hewa mapafuni inatanuka ili uvute hewa nyingi.
- Mishipa ya damu ya ngozi na ya tumbo inabana, damu inapelekwa kwenye misuli.
- Ini linatoa sukari lililoiweka akiba.
- Mboni za macho zinatanuka.
- Utumbo unapunguza kazi, na hamu ya kula inaondoka.

Isome orodha hiyo mara mbili, maana tutairudia.

Mwaka 1901 mkemia Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Jokichi Takamine, alifanikiwa kuitenga adrenalini ikiwa safi. Haikuchukua muda, watu wakaanza kutafuta kemikali nyingine zinazofanana nayo. Mwaka 1910 George Barger na Henry Dale, huko Uingereza, walijaribu kemikali nyingi zenye umbo la kukaribiana na adrenalini. Wakakuta nyingi zinaleta mambo yale yale ya kwenye orodha yetu. Wakazitungia jina: simpathomimetiki. Ni jina refu la kuvunja ulimi, lakini maana yake ni nyepesi: dawa zinazoiga mfumo wa simpathetiki.

KITASA NA UFUNGUO

Dawa inawezaje kuiga? Kwenye kuta za seli zako kuna vitu vidogo mno vinavyoitwa vipokezi. Kifikirie kipokezi kama kitasa cha mlango, na adrenalini kama ufunguo. Ufunguo ukiingia, mlango unafunguka na seli inafanya kazi yake.

Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alieleza kwamba vitasa hivi si vya aina moja. Aliviita alfa na beta. Baadaye ikaonekana kwamba hata beta wenyewe wana aina zao. Kwa leo tukumbuke vitasa vitatu tu:

Alfa viko kwenye mishipa ya damu. Vikifunguliwa, mishipa inabana.

Beta-1 viko kwenye moyo. Vikifunguliwa, moyo unakwenda mbio.

Beta-2 viko kwenye misuli ya mirija ya hewa. Vikifunguliwa, misuli inalegea na mirija inatanuka.

Adrenalini inafungua vyote vitatu. Ni kama ule ufunguo ambao mafundi wanauita ufunguo malaya, unaoingia kila mlango. Dawa nyingine ni funguo za mlango mmoja hasa. Na nyingine hazifungui kitasa chochote zenyewe. Zinakwenda kwenye ghala la neva, zinavunja mlango wa ghala, na noradrenalini yote iliyotunzwa inamwagika nje kwa pamoja.

Kwa hiyo ukisikia dawa ya ukoo huu, jiulize maswali mawili: inafungua mlango upi? Na inatumia ufunguo, au inavunja ghala?

PAMPU YA BLUU: RAFIKI ASIYETIBU KILA KITU

Tuanze na pampu ya pumu. Mara nyingi ni ya bluu, na imeandikwa Salbutamol.

Mtu mwenye pumu akibanwa, mambo matatu yanatokea kwenye mirija yake ya hewa. Kwanza, misuli inayoizunguka mirija inakaza. Pili, ukuta wa ndani unavimba. Tatu, kunajaa makohozi mazito. Njia inakuwa nyembamba kama mrija wa soda uliobanwa, ndiyo maana unasikia kifua kinapiga filimbi.

Salbutamoli inafungua hasa mlango wa beta-2. Misuli inalegea, hewa inapita, na mgonjwa anasikia nafuu ndani ya dakika chache.

Zamani haikuwa rahisi hivyo. Katika miaka ya 1960 wagonjwa wengi wa pumu walitumia pampu za isoprenalini, ambayo haichagui kati ya beta-1 na beta-2. Ilifungua mapafu, sawa, lakini ikaupiga moyo nao kama ngoma. Vifo vya pumu vikaongezeka Uingereza na katika nchi nyingine kadhaa ambako pampu kali za dawa hiyo ziliuzwa, na wataalamu wengi wakazihusisha na vifo hivyo. Salbutamoli, iliyotengenezwa na timu ya David Jack huko Uingereza na kuingia sokoni mwaka 1969, ilikuwa hatua kubwa kwa sababu inaulenga mlango wa mapafu.

Lakini soma hapa taratibu. Salbutamoli inalegeza misuli tu. Uvimbe na makohozi haivigusi! Ukiitegemea yenyewe peke yake, unajisikia vizuri huku ndani moto unaendelea kufuka. Siku moja uvimbe unakuwa mkubwa hivi kwamba hata misuli ikilegea hewa haipiti. Ndivyo vijana wanavyopoteza maisha wakiwa na pampu mkononi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu ulibadilika. Vijana wa kuanzia miaka 12 na watu wazima hawashauriwi tena kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Wanahitaji pia dawa ya kuvuta inayopunguza uvimbe, ambayo ni ya jamii ya steroidi. Mara nyingi hiyo iko kwenye pampu ya rangi ya kahawia, au imechanganywa na dawa ya kutanua mirija katika pampu moja. Hiyo haitoi nafuu ya papo kwa papo, kwa hiyo wengi wanaiacha wakisema eti haifanyi kazi. Inafanya! Inazima moto polepole.

Kuna kipimo rahisi. Kopo la kawaida la salbutamoli lina dozi 200. Anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Kama ni wewe, usinunue kopo la 4 na kunyamaza. Nenda kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo: "Nimemaliza makopo matatu." Mtaalamu atakuelewa mara moja.

HESABU NDOGO

Wengine hawapewi pampu, wanapewa vidonge vya salbutamoli kwa sababu ni bei nafuu. Hebu tupige hesabu. Mpulizo mmoja wa pampu una mikrogramu 100. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na miligramu 4, yaani mikrogramu 4,000. Kwa hiyo kidonge kimoja ni sawa na mipulizo 40!

Kwa nini kiwe kingi hivyo? Kwa sababu pampu inapeleka dawa mlangoni kabisa, kwenye mapafu. Kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima na kubisha kila penye beta. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi unakimbia, na mapafu yenyewe yanachelewa kupata nafuu. Ndiyo maana wataalamu wanapendelea pampu. Kama nyumbani mmezoea vidonge, muulizeni daktari au mfamasia kuhusu pampu.

Pampu nayo ina ufundi wake. Wengi wanapuliza kabla hawajavuta, dawa yote inabaki kwenye ulimi. Dawa hiyo imepotea. Njia nzuri ni kutumia chombo cha kupitishia dawa, ambacho unapulizia ndani yake kisha unavuta taratibu. Huna hela ya kununua? Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kufanya kazi hiyo vizuri kama kile cha dukani kwa watoto waliobanwa na pumu. Toboa tundu kwenye kitako cha chupa, la kutosha mdomo wa pampu uingie kwa kubana pasipo mwanya. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Halafu vuta kwa upande wa mdomo wa chupa.

Na wewe unayeificha pampu chini ya godoro bwenini ili wenzako wasikucheke: acha. Anayecheka hajui anachocheka. Pampu inapaswa kuwa mfukoni, uwanjani na darasani.

MAFUA NA MCHEZAJI WA KOMBE LA DUNIA

Pua ikiziba wakati wa mafua, si makamasi tu. Mishipa ya damu ndani ya pua imejaa na kuvimba. Ukifungua mlango wa alfa, mishipa inabana na pua inafunguka. Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi vidonge vyenye sudoefedrini na matone ya pua yenye zailometazolini.

Matone yana mtego. Ukiyatumia zaidi ya siku 3 hadi 5 mfululizo, mishipa inayazoea. Ukiacha, pua inaziba kuliko mwanzo, kwa hiyo unaweka tena, na tena. Kumbe sasa aliyekuziba pua si mafua, ni matone yenyewe.

Kingine: vidonge vingi vya mafua vina fenilefrini. Mwaka 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipitia ushahidi na kukubaliana kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa kipimo cha kawaida, haizibui pua. Sehemu kubwa inaharibiwa tumboni na kwenye ini kabla haijafika kwenye kitasa. Ni hela ya bure. Maji ya chumvi puani na mapumziko vitakusaidia vilevile.

Kwa wanamichezo wa UMISSETA, hili linawahusu. Mwaka 1994, kwenye Kombe la Dunia lililofanyika Marekani, Diego Maradona wa Argentina alipimwa baada ya mechi dhidi ya Nigeria. Mkojo wake ukakutwa na efedrini na kemikali ndugu zake. Akaondolewa kwenye mashindano na kufungiwa miezi 15. Mwaka 2000 kule Sydney, Andreea Răducan wa Romania, binti wa miaka 16, alinyang'anywa medali ya dhahabu ya mazoezi ya viungo. Kosa? Kidonge cha mafua chenye sudoefedrini alichopewa na daktari wa timu yake.

Kwa hiyo kabla ya mashindano, mwambie mwalimu wa michezo na daktari kila unachomeza. Mwenye pumu asiogope: salbutamoli ya kuvuta inaruhusiwa kwa kiwango kisichozidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isizidi 600 ndani ya saa 8. Ile ya vidonge hairuhusiwi bila kibali maalumu.

SIKU AMBAYO MILANGO YOTE INATAKIWA IFUNGUKE

Kuna watu ambao miili yao inalipuka wakiumwa na nyuki, wakila karanga au wakichomwa dawa fulani. Ngozi inatoka mabaka, midomo na koo vinavimba, kifua kinabana, na presha inashuka ghafla. Mtu anaweza kufa ndani ya dakika.

Hapo dawa ya mlango mmoja haitoshi. Inatakiwa adrenalini yenyewe. Kwa alfa inabana mishipa na kuinua presha, kwa beta-1 inausukuma moyo, kwa beta-2 inafungua mapafu. Mhudumu wa afya anaichoma kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Ukimwona mtu katika hali hiyo, usipoteze muda kutafuta maziwa wala vidonge vya mzio. Mlaze, miguu iinuliwe, na kama anahema kwa shida mwache akae. Mpelekeni hospitali mbio.

MIRUNGI NA MTIHANI

Sasa tufike kijiweni. Mirungi, miraa, gomba, veve, majina ni mengi. Kenya ni zao halali la biashara, na familia nyingi za Meru zinaishi kwa zao hilo. Tanzania sheria inaihesabu kuwa ni dawa ya kulevya, na ukikamatwa nayo ni kesi. Sheria zinatofautiana, lakini ndani ya mwili ni jani lile lile.

Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa iliitambua kemikali kuu iliyomo kwenye majani mabichi: kathinoni. Umbo lake linakaribiana sana na amfetamini. Jani likinyauka, kathinoni inageuka kuwa kemikali dhaifu zaidi. Ndiyo maana mirungi inafungwa kwenye majani ya migomba na magari yake yanakimbia kama yamefukuzwa. Yanashindana na kunyauka.

Kathinoni haitumii ufunguo. Inavunja ghala. Noradrenalini inamwagika, na kwenye ubongo inamwagika pia dopamini, kemikali ya raha. Linganisha na orodha yetu: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mdomo unakauka, njaa inapotea, choo kinakuwa kigumu, macho makavu, usingizi hakuna. Mtu anaongea kama redio na anajiona ana akili za ajabu. Wa pwani wanaiita handasi.

Kuna wanafunzi wanaotafuna ili wakeshe wakipiga msuli kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Tuwaambie kweli: mirungi inakutoa usingizi, hilo halina ubishi. Lakini kuwa macho na kushika masomo ni mambo mawili. Yale unayosoma mchana, ubongo unayapanga na kuyahifadhi usiku ukiwa umelala. Ukiukatia ubongo usingizi, ni sawa na kuvuna mahindi usiku kucha halafu usiyaingize ghalani. Asubuhi yako shambani, yametawanyika.

Na ghala la neva je? Limebaki tupu. Neva zinahitaji muda kutengeneza kemikali nyingine. Ndiyo maana kesho yake mtafunaji anakuwa mchovu, mkali, mwenye huzuni isiyo na sababu. Akitafuna tena kuiondoa huzuni, anakopa kwa kesho kutwa. Wengine wanafika mahali hawawezi kuanza siku bila fungu. Uchunguzi uliofanywa Yemen, ambako utafunaji ni wa kila siku kwa watu wengi, umeuhusisha na mshtuko wa moyo.

Mwenye pumu, mwenye presha au mwenye tatizo la moyo asijaribu hata kidogo. Na yeyote asichanganye mirungi na vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini, maana vyote vinagonga kengele ile ile kwa wakati mmoja.

Kama umeshazoea na unataka kuacha, usijione umekwisha. Uchovu na huzuni za siku za mwanzo ni ghala linajazwa upya, na vinapita. Mweleze mtu mzima unayemwamini, iwe mwalimu wa ushauri, muuguzi au mzazi. Lala, kula, kunywa maji, na badili kijiwe.

MASWALI MNAYOULIZA

Nikitumia pampu nitakuwa teja?
Hapana. Pampu ya pumu haikufanyi teja. Ukiona unaihitaji mara nyingi zaidi, maana yake pumu haijadhibitiwa. Nenda kliniki.

Mbona mikono inatetemeka nikivuta salbutamoli?
Kwa sababu misuli ya mikono nayo ina vitasa vya beta-2. Inapita yenyewe. Ikizidi, au moyo ukidunda vibaya, mwone daktari.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vimo kwenye ukoo huu?
Si ndugu wa damu. Kafeini kazi yake kubwa ni kuziba taarifa ya uchovu isifike kwenye ubongo. Uchovu upo palepale, husikii tu. Ukiichanganya na mirungi, moyo ndio unaoumia.

Naweza kumeza dawa ya presha ya baba ili nisiwe na mchecheto kwenye mtihani?
Usithubutu. Baadhi ya dawa hizo, kama propranololi, zinaziba vitasa vya beta. Kwa mwenye pumu, mirija inaweza kufunga kabisa.

MWENZAKO AKIBANWA NA PUMU DARASANI

1. Mkalishe wima, ameegemea mbele kidogo. Usimlaze. Wengine wampe nafasi.
2. Mpe pampu ya bluu, mipulizo 4, mmoja mmoja. Baada ya kila mpulizo avute pumzi 4, kwa chupa au chombo cha kupitishia kama kipo.
3. Subirini dakika 4. Kama hakuna nafuu, rudieni mipulizo 4 mingine.
4. Kama bado, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, ni hatari. Mpelekeni hospitali sasa hivi, huku mkiendelea kumpa pampu njiani.

JIPIME

1. Salbutamoli inaondoa uvimbe wa mirija ya hewa. Kweli au si kweli?
2. Mlango upi unafunguliwa ili pua izibuke?
3. Kathinoni inafungua kitasa, au inavunja ghala?
4. Makopo mangapi ya salbutamoli kwa mwaka ni dalili ya hatari?

Majibu: 1. Si kweli, inalegeza misuli tu. 2. Alfa. 3. Inavunja ghala. 4. Matatu au zaidi.

Umepata yote? Hongera. Sasa mpe jirani yako wa dawati naye asome, hasa kama ndiye yule anayeficha pampu.